Kabla Kijana Wako Hajabonyeza "Tuma"



Himdi zote anastahiki Allah (s.w.t.), na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, darsa ya leo si ya twahara wala ya mirathi. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, na kila siku baada ya alasiri nawakuta watu wawili watatu wananisubiri barazani. Baba na kijana wake, au mama na binti yake. Ombi lao ni lilelile: "Sheikh, tuombee apate Muhimbili." "Sheikh, muombee aende Chuo Kikuu cha Dar es Salaam." Wengine wamekuja na kalamu nizisomee, na mtihani wenyewe ulishapita tangu Mei! Dua naomba, na sitaacha kuomba. Ila nikimuuliza kijana ameomba kozi gani, anamtazama baba yake. Nikimgeukia baba, ananijibu: "Yule kijana wa steshenari ndiye anayejua."

Hapo ndipo ninapotaka tuongee leo, tena kwa kirefu. Ukiona ndefu, ihifadhi usome usiku bando likiwa rahisi.

Kwanza tuelewane jambo linalowachanganya wazazi wengi. Tangu mwaka 2017 mwombaji wa shahada anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka. Ule utaratibu wa zamani, ambapo TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ilikusanya maombi yote mahali pamoja na kuwapangia vijana vyuo, ulishaondoka. Kwa hiyo kaka mtu aliyeingia chuo mwaka 2013 akimwambia mdogo wake "wewe jaza tu, TCU watakupangia", anamsimulia habari za zamani. Leo TCU inaweka vigezo, inahakiki majina na kutangaza madirisha ya udahili, lakini anayekuchagua ni chuo. Usipoomba, hakuna wa kukupangia.

Na kila mwaka TCU inatoa mwongozo wa udahili. Unapatikana bure kwenye tovuti yao. Mle ndani kila chuo kimeorodheshwa, kila kozi, masomo yanayotakiwa, alama za chini, idadi ya nafasi na miaka ya kusoma. Nawauliza vijana wenye simu kubwa kuliko yangu: nani amesoma mwongozo huu? Wananyamaza. Video za mpira zimejaa simuni, mwongozo haumo. Umeandikwa kwa Kiingereza, sawa, lakini wewe umesoma miaka sita ya sekondari kwa Kiingereza hichohicho.

Sasa nije kwenye pointi, maana hapa watu wanapotea. Baba mmoja alinijia kwa furaha: "Sheikh, mwanangu ana pointi 10!" Nikamuuliza pointi 10 za nani? Maana hesabu zipo mbili na zinakwenda kinyume. Kwa Baraza la Mitihani A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, kwa hiyo pointi chache ndizo nzuri, na divisheni ya kwanza ni kuanzia 3 mpaka 9. Kwa TCU A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, kwa hiyo pointi nyingi ndizo nzuri. Kijana mwenye C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Fizikia ana pointi 10 za Baraza, divisheni ya pili, na kwa hesabu ya vyuo ana pointi 8. Baba akisoma kwenye tangazo kwamba kozi fulani inataka pointi kadhaa, akalinganisha na zile za kwenye matokeo, atadhani mwanawe amezidi kumbe hajafika, au atamkatisha tamaa kumbe amefika. Kaa na mwanao, chukueni karatasi, mhesabu upya kwa hesabu ya vyuo. Hamtamaliza dakika tano.

Halafu kuna kiwango cha chini na kuna ushindani, na hivi ni vitu viwili. Kiwango cha jumla cha kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, mfano D mbili. Ukifika hapo umeruhusiwa kupiga hodi, kufunguliwa ni habari nyingine. Kozi ya udaktari Muhimbili ina nafasi zilizohesabika, na wanaoziomba wanatoka nchi nzima, wakiwemo wale wenye A tatu. Chuo kinapanga majina kuanzia juu kushuka chini mpaka nafasi ziishe. Aliye chini ya mstari anaachwa hata kama vigezo vya chini anavyo. Hajadhulumiwa. Nafasi zimeisha.

Kwa sababu hiyo namshangaa kijana mwenye C, C, D anayejaza udaktari chuo cha kwanza, udaktari cha pili, udaktari cha tatu, halafu anasema ametawakali. Bwana Mtume (s.a.w.) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kwanza ndipo atawakali, na kisa hiki hata watoto wa chuoni kwangu wanakijua. Kumfunga ngamia hapa ni kuomba kwa ngazi. Weka ile unayoitamani sana, hata kama ni ngumu, usijinyime. Weka nyingine ambayo ukiangalia alama zako na nafasi zilizopo unaona una haki ya kutumaini. Na weka moja ambayo una hakika nayo, na ambayo ukiipata utaisoma kwa moyo, usiijaze kwa kujazia tu. Huyu wa C, C, D nilimwambia: udaktari weka, lakini tazama na uuguzi, maabara, ufamasia, afya ya mazingira, na ualimu wa sayansi. Akasema ualimu hapana. Nikamuuliza, wewe Kemia ulifundishwa na nani?

Na wewe mwenye mtoto wa kidato cha nne, usiruke aya hii ukidhani haikuhusu. Mlango wa chuo unaanza kufungwa au kufunguliwa siku mwanao anapojaza tahasusi. Nimeshuhudia binti mwenye akili nzuri kabisa aliyekwenda kidato cha tano kusoma CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, akiamini kwamba ni "sayansi ya afya" na atakuwa daktari. Amemaliza, amefaulu, anaambiwa udaktari unataka Fizikia ya kidato cha sita. Fizikia hana. Alilia pale barazani, na mimi sikuwa na dawa ya kumpa zaidi ya kumwelekeza kwenye kozi nyingine. Miaka miwili kabla hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekaa naye. TAMISEMI baada ya matokeo ya kidato cha nne hufungua muda wa wanafunzi kubadilisha machaguo yao. Ni wiki chache tu. Tumieni muda huo. Na tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa zikafika 65, na zimo zenye masomo ya dini yetu. Ni jambo jema. Lakini kabla hujampeleka mwanao huko kwa sababu tu umeona jina la Uislamu, uliza ikimalizika inampeleka kwenye shahada ipi.

Turudi kwa huyu kijana wa steshenari. Simlaumu, anatafuta riziki yake ya halali na amewasaidia wengi wasio na kompyuta. Tatizo ni kwamba tunamkabidhi kila kitu. Anafungua akaunti ya mwombaji kwa barua pepe yake yeye. Anaweka namba yake ya simu. Neno la siri analijua yeye peke yake, na ana wateja sabini. Sasa sikilizeni: kijana akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, anatakiwa athibitishe chuo kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu aliyoiandikisha, tena ndani ya muda uliopangwa. Namba hiyo inakwenda wapi? Inakwenda kwa kijana wa steshenari, ambaye siku hiyo yuko Mwanza kwenye harusi ya dada yake. Muda unapita na nafasi inapewa mwingine. Baba anakuja kwangu anasema wamemroga mwanawe. Hakuna aliyemroga. Kodi kompyuta yake, mlipe haki yake, lakini barua pepe iwe ya mwanao, namba ya simu iwe iliyo mkononi mwako, hata kama ni kitochi, na neno la siri mliandike kwenye daftari lililoko nyumbani.

Jambo jingine ni majina. Hili linatugusa sisi Waislamu kuliko wengine, kwa sababu majina yetu ni ya Kiarabu na kila mwalimu anayaandika anavyosikia. Mtoto amezaliwa, cheti cha kuzaliwa kinasema Uthman. Darasa la kwanza mwalimu kaandika Athumani. Kidato cha nne cheti kinasema Othman, na jina la babu limeachwa. Ally, Ali, Aly. Mohamedi, Muhamad. Mbele ya Allah ni mtu yuleyule, lakini mbele ya kompyuta ni watu watatu tofauti. Bodi ya Mikopo inachukua jina kutoka kwenye namba ya mtihani wa kidato cha nne, halafu inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Vikipishana, maombi yanakwama. Rekebisheni mapema shuleni kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani. Ikiwa vyeti vimeshatoka, nendeni kwa wakili mpate hati ya kiapo ya majina. Msingoje siku mbili kabla dirisha halijafungwa.

Mnakumbuka kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Mjumbe wa mfalme alipomwendea gerezani amtoe, hakukimbilia nje. Alitaka kwanza lile jambo la wanawake lichunguzwe, jina lake lisafishwe. Ndipo akatoka. Na aliposimama mbele ya mfalme akaomba kusimamia hazina ya nchi, alitaja sifa zake mbili za kweli, kwamba ni mwenye kuhifadhi na ni mwenye ujuzi. Ndugu zangu, yale yalikuwa maombi ya kazi! Kutaja sifa ulizonazo mahali panapohitajika si kiburi. Wapo vijana wetu wanyenyekevu ambao wakitakiwa kuandika habari zao kwenye maombi ya ufadhili wanaandika mistari miwili. Ulikuwa kiongozi wa wanafunzi, sema. Umehifadhi juzuu kumi huku ukisoma sayansi, sema. Ulikuwa unavua dagaa usiku na darasani unakuwepo asubuhi, hilo nalo liseme, linaeleza wewe ni nani kuliko maneno makubwa ya kuiga.

Na sasa nifike mahali panaponiuma.

Mzazi mmoja, sitasema wa wapi, alinijia na barua. Alitaka niweke sahihi na muhuri wa msikiti kwamba baba wa kijana fulani ni marehemu, ili kijana apate mkopo kwa daraja la yatima. Baba huyo nilisali naye Ijumaa iliyotangulia. Yu hai, ana afya, ana mashamba ya mihogo. Nikasema mimi siwezi kumzika mtu ambaye bado anakula ugali. Wakakasirika, wakasema sheikh hasaidii watoto wa Kiislamu.

Ndugu yangu, shahada ya uongo Bwana Mtume (s.a.w.) aliitaja pamoja na madhambi makubwa kabisa, na waliokuwepo wanasimulia kwamba alipofika hapo aliacha kuegemea akakaa sawa, akairudia mpaka wakatamani anyamaze. Unaanzaje safari ya elimu ya mwanao kwa jambo hilo? Tena tuache hata Akhera kidogo. Vyeti vya vifo navyo vinahakikiwa na RITA. Kijana akigundulika anapoteza mkopo na anabaki na doa. Na kuna kitu kibaya zaidi, nacho ni kwamba umemfundisha mwanao, siku ileile anapotoka nyumbani kwako, kwamba uongo ndio ufunguo. Kesho atakuwa mhasibu wa halmashauri. Halafu tutakaa barazani kulalamika kwamba viongozi wanaiba.

Ikiwa kweli huna uwezo, uhalisia wako unatosha. Kaya yako ikiwa kwenye mpango wa TASAF, ambatanisha uthibitisho. Kama baba ni mlemavu, peleka fomu inayothibitisha. Yatima wa kweli, na wako wengi hapa kwetu, vyeti vya vifo vya wazazi wao vifuatiliwe sasa, maana familia nyingi tumezika bila kuandikisha. Na fahamuni kuwa kuomba chuo si kuomba mkopo. Ni mifumo miwili na madirisha mawili. Kila mwaka kuna kijana anayefika chuoni na begi lake, akingoja mkopo ambao hakuwahi kuuomba.

Wengi mnaniuliza, "Sheikh, mkopo wa Bodi si riba?" Swali hili ni zuri na linaonesha bado mna khofu ya Allah. Miaka ya nyuma deni hilo lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka, ikaitwa tozo ya kulinda thamani, na wanazuoni wengi waliona wazi kwamba jina limebadilishwa lakini kitu ni kilekile. Mwaka 2021 serikali iliiondoa. Kilichobaki ni deni lenyewe na ada ya uendeshaji. Kwa nilivyouliza na kusoma, ada ya gharama ya kazi haihesabiwi na wanazuoni wengi kuwa riba, na kwa hiyo siwazuii vijana wetu kuomba. Mwenye moyo mzito juu ya jambo hili amuulize mwenye elimu kuliko mimi, wallahu a'lam. Ninalolisisitiza ni kulipa. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Aliyejiajiri akajificha ajue kwamba Mtume (s.a.w.) alisita kumswalia maiti mwenye deni mpaka mmoja wa masahaba alipolibeba. Fedha ile ni ya umma, ndimo ilimo kodi ya mama muuza mboga wa Musoma.

Sasa najua nitawakwaza baadhi yenu kwa hili linalofuata.

Kuna wazazi wanaokataa mtoto kuomba CUHAS pale Bugando, au SAUT, kwa kuwa ni vyuo vya Kanisa. Nawaelewa. Sisi wa Nyegina tunaijua misheni kuliko wengi. Imekaa hapa zaidi ya miaka mia moja, kabla hata ya wazee wetu wengi kuzaliwa. Wakati wa mkoloni shule ya misheni ilikuwa na ubatizo ndani yake, na khofu ya babu zetu haikuwa ya kijinga. Lakini matokeo ya khofu ile tunayaona. Waliopeleka watoto wakapata makarani, walimu na waganga, sisi tukabaki tunawapigia foleni.

Leo hali si ile. Ukiugua ugonjwa mkubwa hapa Mara unapelekwa Bugando, na hujawahi kumuuliza daktari dini yake kabla hajampasua mkeo. Kama dawa yao inafaa kutibu mwili wako, kwa nini elimu ya dawa hiyohiyo isimfae mwanao? Ninachotaka ufanye ni kuuliza mambo ya msingi kabla. Je, atapata nafasi ya kuswali? Binti ataruhusiwa hijabu? Ijumaa ratiba ikoje? Wapo Waislamu wanaosoma pale sasa, na wana jumuiya yao? Mpigie simu mwanafunzi aliyeko huko, usimpigie mtu wa mtaani anayedhania. Na maswali hayahaya muulize hata kwenye chuo cha serikali. Nimeona kijana aliyekwenda chuo cha Kikristo akarudi na swala zake tano, na nimeona aliyekwenda mahali pengine penye misikiti mitatu akarudi hana hata moja. Muhimu ni vile alivyokwenda navyo kutoka kwako.

Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro tunacho, Alhamdulillah. Yale majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO serikali ya Rais Mkapa iliwakabidhi Waislamu mwaka 2004, na leo wanasoma pale Waislamu na wasio Waislamu. Kiombeni. Lakini muombe kwa sababu kozi anayoitaka mwanao ipo na inafundishwa vizuri, kama ambavyo ungeangalia chuo kingine chochote. Kukipelekea chuo chetu watoto waliokosa kwingine tu, huko si kukipenda.

Na wale vijana wangu wa madrasa wanaotaka Madina, au Azhar, au kile cha Mbale Uganda, nao waelewe kwamba kule kuna ushindani vilevile. Madina umri una mpaka, miaka 25 kwa shahada ya kwanza. Usikae miaka sita ukisema unajiandaa. Mkija kwangu kutaka tazkiya nitaandika ninachokijua. Anayeonekana alfajiri nitaandika anaonekana alfajiri. Ambaye simuoni, naye ajue kwamba simuoni. Na jihadharini na madalali wa ufadhili wa nje wanaotaka laki tano "ya viza" kabla hata chuo hakijakujibu. Kabla ya kwenda nje popote, ulizeni TCU kama cheti cha chuo hicho kinatambuliwa hapa.

Upande wa mabinti nitasema kidogo tu kwa kuwa mengi nimeshayasema miaka iliyopita. Baba unayempeleka mkeo hospitali ukaomba ahudumiwe na daktari mwanamke, halafu binti yako mwenye ufaulu wa PCB unamzuia kwenda Dar es Salaam: huyo daktari mwanamke unayemtaka atoke kwa nani? Khofu yako juu ya binti ni haki yako. Itibu kwa kumtafutia hosteli ya wasichana, ndugu wa kumwangalia, na simu ya kila jioni. Hiyo khofu isiwe ya kumkatia masomo, maana mdogo wake wa kiume, mwenye divisheni ya tatu na tabia ninazozijua, umemruhusu bila swali.

Wapo watakaoandika hapa chini: "Sheikh, sisi Waislamu tunabaguliwa, unatufundisha nini?" Watataja EAMWS iliyopigwa marufuku 1968 na mengine mengi. Historia hiyo naijua na siifuti, nimeisoma na wengine nimewasikia wazee wakiisimulia kwa machozi. Ila kijana aliyetumia namba ya simu ya mtu mwingine hakuangushwa na 1968. Binti aliyesoma CBG hakuangushwa na 1968. Haya tunayaweza wenyewe, mwaka huu, bila kumsubiri mtu. Yale mengine tuyadai kwa hoja, na tutayadai vizuri zaidi tukiwa na wanasheria na watakwimu wetu.

Na aliyekosa kabisa mwaka huu? Diploma ipo, vyuo vya kati viko chini ya NACTVET. Ukitoka na wastani wa GPA 3.0 kwa kozi nyingi unaingia shahada kwa sifa linganishi. Utachelewa miaka miwili mitatu na utafika ukiwa na ujuzi mkononi. VETA nayo ipo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, jirani yetu wa Butiama, alianza shule pale Mwisenge akiwa mtoto mkubwa tayari wa miaka kumi na mbili, akaenda Tabora, akaenda Makerere, akafika Edinburgh. Mnajua pia kwamba chuo kikuu chetu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961 kilikuwa na wanafunzi 14 tu, nchi nzima ikitazama. Babu zetu hawakuwa na mwongozo wa kusoma wala dirisha la pili.

Mwisho ni istikhara, kwa sababu kila mmoja ananiuliza ataotaje. Istikhara si kuota. Bwana Mtume (s.a.w.) aliwafundisha masahaba dua yake kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani, na ndani yake hamna ahadi ya ndoto. Unatafiti kwanza, unashauriana na wanaojua, unaelekea kwenye jambo moja, ndipo unaswali rakaa mbili na kumuomba Allah akurahisishie likiwa na kheri, na akuepushe nalo likiwa na shari. Kisha unakwenda kufanya. Likifunguka, Alhamdulillah. Likifungwa, umejibiwa vilevile, hata kama jibu hukulitaka. Mtu anayeswali istikhara kabla hajafungua mwongozo ni kama anayemuuliza Allah achague kati ya njia ambazo yeye mwenyewe hajazitazama. Na mzazi aiswali pia, maana mara nyingi kijana ameridhika na ualimu na ni wewe unayetaka kuitwa baba daktari.

Wa hapa Nyegina na vijiji vya jirani: Jumamosi baada ya isha tutakaa msikitini. Kuna walimu wawili wa sekondari na kijana mmoja aliyeko mwaka wa tatu chuoni wamejitolea, Allah awalipe. Kuna kompyuta moja. Njoo na matokeo, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina la kijana au mzazi. Kina mama na mabinti watakaa upande wao na mwalimu wa kike. Majirani zetu Wakristo wenye watoto waliomaliza nao waambieni waje, mwongozo ni uleule. Muhuri wa msikiti nitakuwa nao mfukoni kwa barua za kweli tu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.